UZI: Methadoni Malindi: dozi, siku za kukosa dawa, na yanayoivuruga tiba

Mfamasia_Barani

Assalamu aleikum, na salamu kwa wote. Maswali ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), yametapakaa kila uzi humu, na baadhi ya majibu yanayotolewa yanaweza kuua mtu. Nimeona tuyakusanye pahala pamoja. Sharti ni moja: anayejibu ajibu kwa saa, kwa miligramu na kwa sababu. Za "mateja wamelaaniwa" pelekeni kwingine.

Kliniki ya methadoni katika hospitali ya Malindi ilifunguliwa Februari 2015, miezi michache baada ya ile ya Mathari kule Nairobi, Desemba 2014. Watanzania walitutangulia, Muhimbili ilianza Februari 2011. Mauritius ilianza tangu 2006. Methadoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Si jambo la majaribio, na dawa haiuzwi. Ukiambiwa ulipe kwa ajili ya methadoni, uliza risiti ya nini.

Inavyofanya kazi: unga hudumu mwilini saa chache tu, na kati ya saa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho arosto huanza: miayo, mafua, jasho, tumbo kusokota, mifupa kuuma. Kwa hiyo mtu hula mara tatu au nne kwa siku, na siku nzima humalizikia kutafuta hela na kukimbia askari. Methadoni hukalia vipokezi vilevile vya ubongo, lakini hupanda polepole, hufika kilele saa 2 hadi 4 baada ya kunywewa, na dozi iliyokaa sawa hushikilia saa 24. Mtu hana nishai wala hana arosto. Anaweza kwenda kibaruani.

Namna ya kuingia: hutoki nyumbani moja kwa moja hadi dirisha la dawa. Unaanzia kwa shirika linalofanya kazi mitaani. Wahudumu wa nyanjani wanakuandikisha, unahudhuria vikao vya maandalizi, unatafuta msaidizi wa tiba (ndugu au rafiki asiyetumia), kisha unapelekwa kliniki kwa barua. Huko utapimwa mkojo kuthibitisha unga umo, VVU, kifua kikuu, homa ya ini B na C, na mimba kwa wanawake. Watu huchoka hapo kwenye vikao na kusema wanazungushwa. Hawazungushwi. Mkojo usioonyesha unga halafu mtu akapewa miligramu 30, anaweza kuwa maiti.

Bint_Shela

Ongeza hesabu ya wiki ya kwanza, ndiyo isiyoeleweka na familia.

Mfamasia_Barani

Naam. Dawa ya kunywa inayotumika sana ina miligramu 5 kwa kila mililita. Siku ya kwanza mtu hupewa miligramu 20 hadi 30, yaani mililita 4 hadi 6, imechanganywa na maji, anainywa mbele ya mhudumu na kuzungumza kidogo ili ionekane ameimeza.

Sasa sikilizeni. Methadoni huchukua takriban siku nzima kupungua nusu, kwa wengine zaidi. Chukua miligramu 30 kila siku. Siku ya pili amekunywa 30 na za jana zimebaki 15, jumla 45. Siku ya tatu 52, ya nne 56, ya tano 58. Kwenye daftari dozi haikubadilika hata tone, lakini mwilini imekaribia maradufu. Ndiyo sababu kliniki huongeza miligramu 5 hadi 10 tu, na husubiri siku 3 hadi 5 kabla ya kuongeza tena. Na ndiyo sababu wiki mbili za kwanza ndizo zenye vifo vingi kuliko kipindi chochote cha tiba.

Kinachoua ni hiki: siku ya pili au ya tatu mtu anaona dawa "haijashika", jioni anaongeza kete au bugizi (vidonge vya kutuliza na kulaza) apate usingizi. Usiku methadoni inazidi kujikusanya, pumzi zinapungua, nyumbani wanasema mwacheni alale, leo kalala vizuri.

Mama_Majengo

Kuna kijana yuko miligramu 40 mwezi wa tatu sasa, asubuhi anakunywa, magharibi ikiingia anatoka kutafuta unga. Mamake anasema dawa ni maji matupu. Afanywe nini?

Bint_Shela

Mama Majengo, 40 ni dozi ya kupandia, si ya kukaa. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Chini ya 60 mtu huzuiwa arosto kiasi lakini hamu ya unga haiondoki, na akila unga bado anausikia. Ikifika 80 na kuendelea, wengi wakila unga wanakuwa wametupa pesa, hawasikii kitu.

Lakini dozi haipandishwi kwa sababu mama kalalamika. Itapandishwa haraka zaidi kliniki ikiletewa maandishi. Kwa siku saba andikeni vitu vitatu: saa aliyokunywa, saa anapoanza miayo na jasho, na hali yake saa 3 baada ya kunywa. Akianza arosto usiku wa manane au alfajiri, dawa haifiki saa 24, dozi ni ndogo. Akisinzia saa 3 baada ya kunywa, ama dozi ni kubwa ama anachanganya na kitu kingine, na hapo haongezwi hata akilia. Akiwa sawa saa 24 zote lakini jioni bado anatoka, basi shida si miligramu. Ni maskani (vijiwe vya unga), ni marafiki, ni kukosa la kufanya kuanzia alasiri. Hiyo ni kazi ya mshauri nasaha.

Na muulizeni kwa upole kama anatumia dawa za TB au za kifafa. Tutalifikia hilo.

Nahodha_Kaskazi

Swali la wavuvi. Kusi hakuna shida, vyombo viko pwani. Kaskazi ikiingia bahari inatulia, watu wanatoka siku nne, tano, wengine wanakwenda mpaka Ngomeni na juu zaidi. Dawa ni ya kila siku dirishani. Akirudi amekosa siku tano anaambiwa aanze upya. Hii si kumfukuza mtu kijanja?

Mfamasia_Barani

Nahodha, si kumfukuza. Ustahimilivu wa mwili hushuka upesi kuliko mtu anavyodhani. Mpango unaofuatwa na kliniki nyingi uko hivi, tofauti ndogondogo zipo:

Siku 1 au 2 za kukosa: dozi ileile, baada ya kumtazama na kumuuliza kala nini.
Siku 3 au 4: anaonwa na daktari kwanza, na mara nyingi hupewa nusu, kisha hupandishwa kwa siku chache.
Siku 5 na zaidi: anaanza upya, miligramu 30 au chini yake, hata kama alikuwa 110.

Mtu aliyekuwa 110 akikosa siku sita na kupewa 110 ileile anaweza asiamke. Kwa hiyo anayedanganya dirishani kwamba alikosa siku moja tu anaihatarisha roho yake mwenyewe. Daftari litamwonyesha, lakini pale anapotoka kliniki nyingine bila barua, hakuna daftari.

Kwa wavuvi, zungumzeni na kliniki kabla ya msimu, si mkirudi. Dozi za kubeba nyumbani ni uamuzi wa kliniki kwa aliyetulia: mkojo safi kwa miezi, hakosi siku, ana pahala pa kufungia. Sababu ya ukali huo ni watoto. Miligramu 10 zinaweza kumuua mtoto mdogo, na kwa dawa yetu hiyo ni mililita 2, hata nusu ya kijiko cha chai haifiki. Chupa ya methadoni juu ya kabati la sahani si pahala pake. Sanduku la kufuli, na asiinywe mbele ya watoto wakaiona kuwa ni sharubati.

Mhudumu_Nyanjani

Na ukweli usemwe, wanaokatika katika tiba wengi hawakatiki kwa kutamani unga. Wanakatika kwa nauli. Mtu wa Marereni au Mambrui kuja mjini kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu, dawa ni bure lakini matatu si bure. Ukitaka kumsaidia ndugu yako acha mawaidha, lipa nauli ya mwezi. Mpe kwa wiki, si kwa mkupuo.

Mzee_Langoni

Nasoma kutoka Lamu. Mjadala mzuri, lakini mnapita pembeni. Mtu alikuwa mlevi wa unga, sasa ni mlevi wa dawa ya serikali. Kumfungia chumbani siku saba na kumsomea kunatosha. Wazee wetu walifanya hivyo.

Bint_Shela

Shikamoo mzee. Kisomo hakipingani na dawa, na mgonjwa anayesomewa na kunywa dawa yake yuko pazuri. La kumfungia ndilo lenye hatari, na hatari haiko ndani ya hizo siku saba, iko siku ya nane.

Arosto ya unga hupanda hadi siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka, ikifika wiki mwili umetulia. Kwa mtu mzima mwenye afya mara chache inaua, isipokuwa kuhara na kutapika kumkaushe maji. Ila hamu ya unga haiondoki na arosto. Inakaa miezi na miaka, na ustahimilivu ndio umeondoka. Akitoka na kurudia kete zake zilezile za zamani, mwili wa leo hauziwezi. Ndiyo maana vifo vingi ni vya waliotoka rihabu, waliotoka jela, waliotoka safari. Mwenye kumfungia mtu chumbani ajue anamwandaa kwa siku hiyo, na awe amejua la kufanya.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Wengi hawali unga peke yake, wanakula na bugizi au wanakunywa pombe kila siku. Kuacha bugizi au pombe ghafla huleta degedege na hiyo inaua yenyewe. Kabla hamjafunga mlango ulizeni: vidonge vingapi, kwa muda gani? Kama ni kila siku kwa wiki kadhaa, hiyo ni kazi ya hospitali, vidonge hupunguzwa hatua kwa hatua.

Kuhusu ulevi wa dawa ya serikali, mwenye kisukari anadunga insulini maisha yake yote na hakuna anayemwita mlevi.

Mzee_Langoni

Marahaba. Kisukari hakumtumi mtu kuiba redio ya jirani.

Mhudumu_Nyanjani

Methadoni pia haimtumi, mzee wangu. Aliyetoka dirishani saa tatu asubuhi akiwa ametulia hana arosto ya kumwendesha mbio.

Mfamasia_Barani

Tuendelee. Dawa zinazoingiliana na methadoni, mkaziandike.

Rifampisini ya TB ndiyo kubwa. Inalifanya ini kuvunjavunja methadoni upesi. Ndani ya wiki moja hadi mbili kiwango kinaweza kushuka nusu, na mgonjwa anapata arosto dozi ikiwa ileile. Wengi hapo huacha dawa za TB, wakisema "zinanitia arosto". Wanasema kweli, na suluhisho ni kliniki ya methadoni na ya TB kuongea, dozi ipandishwe taratibu. Mtego wa pili hauonekani: tiba ya TB ikiisha mwezi wa sita, ini linarudi polepole kama lilivyokuwa, na dozi iliyopandishwa sasa imezidi. Wiki mbili baada ya kumaliza TB ndizo za kumchunga asisinzie. Dozi ishushwe.

Efavirenzi na nevirapini za ARV hufanya vilevile. Dolutegraviri haina shida na methadoni, na wagonjwa wengi Kenya wamehamishiwa huko. Ila mwenye TB na VVU pamoja, dolutegraviri hunywewa mara mbili kwa siku badala ya moja kwa sababu ya hiyohiyo rifampisini.

Dawa za kifafa, karbamazepini na fenitoini, hushusha. Flukonazoli ya fangasi hupandisha. Dozi ikipita 100, umeme wa moyo upimwe, hasa kwa anayezimia au aliye na moyo mgonjwa, na asipewe kwinini au erithromaisini bila daktari kujua yuko kwenye methadoni. Ukienda duka la dawa kwa jambo lolote, taja methadoni kwanza. Watu huona haya na kunyamaza.

Bugizi na pombe, mnazi ukiwemo, tumekwisha kuvisema. Methadoni peke yake kwa dozi sahihi haizimi pumzi ya aliyeizoea. Ikichanganywa na hivyo, ndiyo.

Mama_Majengo

Akitapika je? Wengine hutapika pale pale nje ya geti.

Mfamasia_Barani

Arudi upesi na aonyeshe. Ikiwa mhudumu ameshuhudia na ni ndani ya dakika 15, kliniki inaweza kumrudishia yote au sehemu. Zikipita dakika 30 dawa nyingi imekwisha kuingia, hapewi nyingine siku hiyo. Kutapika ambako hakuna aliyekuona hakurudishiwi. Anayetapika mara kwa mara ale kitu kidogo kabla ya kuja, anywe taratibu, na mwanamke apimwe mimba.

Madhara mengine ni choo kigumu (maji mengi, mapapai, mboga, na dawa ya kulainisha choo ikibidi), jasho jingi, na meno kuharibika kwa sababu mate hupungua. Asukutue maji baada ya kunywa.

Bint_Shela

Kwa kuwa mimba imetajwa: mwanamke anayekula unga akigundua ana mimba asiache kwa mara moja. Arosto kali huweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Methadoni ndiyo salama kuliko yote hayo, na huanzishwa mapema. Miezi mitatu ya mwisho mwili huimaliza dawa haraka, kwa hiyo dozi hupanda au hugawanywa asubuhi na jioni. Hiyo si tamaa yake.

Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake: kilio kikali, kutetemeka, kushindwa kunyonya, kupiga chafya mfululizo. Huanza ndani ya siku tatu za kwanza, wakati mwingine baadaye kidogo, kwa hiyo asiruhusiwe kutoka siku ya kwanza. Inatibika. Na anyonye; maziwa ya mama aliye kwenye methadoni hupunguza ukali wake. Mama akiwa na VVU, anyonyeshe huku anakunywa ARV zake kama mama mwingine yeyote.

Wanawake ni wachache mno katika foleni zetu kuliko walivyo mitaani. Mwanamume akionekana kliniki anaambiwa anajitahidi, mwanamke anaandamwa na maneno mtaa mzima. Kliniki ikitenga saa au mlango kwa ajili yao, wanakuja.

Kijana_Watamu

Ramadhani. Kliniki iko asubuhi, mtu amefunga. Afanye nini?

Bint_Shela

Hili litatuliwe Shaabani, si siku ya mwezi kuandama.

Kliniki ikikubali kutoa dawa baada ya magharibi, angalia hesabu. Mtu amezoea saa mbili asubuhi. Akihamishwa ghafla hadi saa moja usiku wa kesho yake, amekaa saa 35 bila dawa, na saa kumi na moja za mwisho ni arosto. Ndipo wengine huvunjia funga kwenye maskani. Nafuu ni kusogeza kwa saa chache kila siku katika wiki ya mwisho ya Shaabani, kama kliniki ina watu wa kuhudumu. Jambo lisilofanywa kabisa ni kunywa asubuhi na jioni siku moja "ili kuanza vizuri".

Kurudi baada ya Idi ni kinyume chake: saa moja usiku, kisha saa mbili asubuhi, ni saa 13 tu. Dozi mbili kubwa zimekaribiana. Hapo kliniki husogeza tena polepole au hugawa dozi ya siku ya kwanza. Ukichanganya na shamrashamra za Idi, ni siku ya kuwa macho.

Kliniki isipoweza kubadili saa, ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Namna ya kuitumia muulizeni shehe wenu, mkimweleza kwamba ni dawa ya kila siku na akiikosa anaugua. Wasimwendee wakisema tu "dawa ya mateja".

Mhudumu_Nyanjani

Nachukua zamu ya walio bado maskani, maana si kila mtu yuko tayari kwa kliniki na hatuwangoji wafe.

Sindano: mpya kila unapodunga, si mpya kila siku. Lengo la kimataifa ni sindano 300 kwa mtu kwa mwaka ifikapo 2030, na hizo hazifiki hata moja kwa siku. Wakubwa wakilalamika tunagawa nyingi, hesabu ni hiyo. Ugawaji ulipoanza Kenya 2012 na 2013 ulipingwa vikali hapa pwani, na hofu ilieleweka: sindano zitatapakaa vichochoroni. Jibu lake ni sanduku la kutupia na kubadilishana, iliyotumika kwa mpya. Pale ambapo sindano hazigawiwi ndipo moja huzunguka kwa watu watano. Kipimo cha 2011 kinachotajwa sana na NASCOP, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI, ni asilimia 18.3 ya wanaojidunga nchini kuwa na VVU, mara tatu na zaidi ya watu wa kawaida wakati huo.

Wengi wanajua wasichangie bomba. Hawajui kwamba kirusi cha homa ya ini C hukaa pia katika kijiko, pamba, na kopo la maji ya kusuuzia. Kila mtu na vyake. Kusuuza kwa jiki si kinga ya kutegemea dhidi ya homa ya ini C.

Nayo homa ya ini C inapona. Vidonge vya sofosbuviri na daklatasviri kwa wiki 12, zaidi ya watu tisa kati ya kumi wanapona kabisa. Kipimo cha kwanza cha kidole huonyesha tu kwamba umewahi kuambukizwa. Omba cha pili cha kutafuta kirusi chenyewe kabla ya kuambiwa unaumwa. Na homa ya ini B ina chanjo, sindano tatu.

Jipu mkononi lenye joto na wekundu unaopanda, au homa isiyoisha kwa anayejidunga, ni hospitali siku hiyohiyo. Huenda maambukizi yamefika moyoni.

Mama_Majengo

Na mtu akizidiwa? Hapa mtaani wanamwagia maji baridi, wanamnywesha maziwa.

Bint_Shela

Maziwa yanaingia mapafuni. Maji baridi yanapoteza dakika. Wengine humdunga maji ya chumvi, hayo ndiyo mabaya zaidi.

Dalili ni tatu kwa pamoja: haamki, mboni za macho zimekuwa ncha ya sindano, pumzi ni chini ya 10 kwa dakika au anakoroma kwa kukwama. Midomo na kucha hubadilika rangi. Kwa mtu mweusi tazama ndani ya mdomo na kucha.

Muite kwa sauti, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Haamki, mwite mtu wa gari. Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo kinywani, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 na uone kifua kinainuka. Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa kuwa anachokosa ni hewa. Naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga au methadoni) ikiwepo, miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, hata juu ya nguo. Endelea kupulizia. Dakika 2 au 3 hajaanza kupumua vizuri, rudia.

Akianza kupumua mlaze ubavu. Na hapa ndipo watu hukosea: naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, methadoni hudumu zaidi ya siku. Anaamka na arosto, anakasirika, anataka kwenda zake. Msimwachie. Anaweza kuzimika tena ikiisha. Aliyezidiwa na methadoni hulazwa hospitali hadi kesho yake.

Wakili_Pwani

Nimefuatilia kimya. Upande wa sheria kwa ufupi. Sheria yetu ya mihadarati ni ya 1994, imefanyiwa marekebisho 2022, na kumiliki ni kosa la jinai hata kwa matumizi yako mwenyewe. Sheria hiyohiyo inatambua vituo vya kurekebisha waraibu, mlango ambao mahakama zinautumia kwa uchache. Ureno waliondoa jinai kwa kiasi cha matumizi binafsi mwaka 2001, kisichozidi cha siku 10, mtu anapelekwa mbele ya jopo la afya na ustawi badala ya hakimu. Kuuza kulibaki jinai. Walipanua tiba wakati huohuo. Kubadili sheria bila kliniki kusingewafikisha popote.

Kwa leo: kadi ya kliniki ikae mfukoni. Aliyekamatwa aseme mapema kituoni kwamba yuko kwenye methadoni, na familia ipige simu kliniki siku hiyohiyo, si baada ya siku tatu. Gereza la Shimo la Tewa lina huduma ya methadoni, lakini aliyepelekwa huko bila barua anahesabiwa mgeni.

Kijana_Watamu

Na kumaliza? Mtu atakunywa mpaka lini?

Mfamasia_Barani

Hakuna tarehe. Chini ya mwaka mmoja wengi hurudi kwenye unga, kwa hiyo anayeharakishwa na familia au na harusi asubiri. Awe na miezi ya mkojo safi, pa kulala, na kitu cha kufanya. Hushushwa miligramu 5 kila wiki mbili au polepole zaidi, na akifika chini ya 40 mwendo hupunguzwa tena, kwa sababu kutoka 100 hadi 95 si sawa na kutoka 15 hadi 10. Ikimshinda anasimama hapo au anarudishwa juu. Anayeshuka awe na naloksoni nyumbani, na mwenziwe ajue kuitumia.

Mzee_Langoni

Haya. Kuna mtu wangu atakuja Malindi kwa harusi siku tisa, anakunywa dawa kliniki nyingine. Abebe nini?

Mfamasia_Barani

Mzee, barua ya uhamisho wa muda, iwe na jina na picha yake, dozi kwa miligramu (si mililita, kwa sababu kliniki nyingine inaweza kuwa na dawa ya nguvu tofauti), tarehe na saa ya dozi ya mwisho, dawa nyingine anazotumia, muhuri, na nambari ya simu ya kliniki. Kliniki yake ipige simu Malindi kabla hajaondoka na kuhakikisha amekubaliwa. Asafiri baada ya kunywa ya siku hiyo, afike dirishani kesho yake asubuhi na kitambulisho. Akichelewa njiani kwa siku nzima, ni siku moja ya kukosa, atapewa dozi yake. Asije Ijumaa jioni bila miadi.